Ng'ombe Aliyeufunika Uso wa Mama

Wateja wangu hunicheka. Mtu akija kusukwa katika kibanda changu hapa mjini Kakamega, akishaketi na kutazama huku na huku, anaona picha za wasichana wa rasta, wasichana wa matuta, wasichana wa nywele za kubandika, kisha katikati yao anaona ng'ombe. Ng'ombe mweusi na mweupe, kiwele kimejaa, amesimama kwenye majani kama mtu aliyeambiwa asipepese macho. Ni kalenda ya duka la dawa za mifugo, ya miaka ya tisini. Miezi yake yote iling'olewa zamani, akabaki ng'ombe peke yake.

"Na huyu naye ulimsuka mtindo gani?" mteja mmoja aliniuliza majuzi.

"Huyo alitaka mkia tu," nikamjibu.

Wote waliokuwapo wakapasuka kwa kicheko, na mimi nikapasuka nao, maana mimi ni mtu wa kucheka, Mungu aliniumba hivyo. Lakini walipoondoka nilibaki nimeshika kitana mkononi, nikimtazama yule ng'ombe mpaka macho yakaanza kuuma. Keti basi, rafiki yangu, nikwambie. Nyuma ya ng'ombe huyu ndiko kulikokuwa na uso wa mama yangu, na duniani kote ulikuwa huo mmoja tu.

Kwetu ni Lugari, mwendo wa baiskeli kutoka soko la Chekalini. Ni mahali pa mahindi. Mahindi mbele, mahindi nyuma, na sisi watu tumepenya katikati kama kwekwe. Nililelewa na mama yake baba, ambaye kwetu tunamwita kukhu. Baba alifanya kazi ya sukari upande wa Mumias na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, pengine. Alikuja na sukari guru, na mtungi wa molasi, ile rojo nyeusi ya miwa ambayo Kukhu alimnyunyizia ng'ombe wetu kwenye majani, na sisi tukiilamba kidoleni akigeuka.

Mama alikufa nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Nimejaribu sana kumkumbuka. Nimelala chali nikafunga macho nikamtafuta, lakini kinachokuja ni joto tu, joto la mgongo, na hilo huenda likawa la Kukhu. Picha hakuwa nayo. Aliyokuwa nayo ilikuwa ile ya kwenye kipande, yaani kitambulisho, na mtu akifa kipande kinarudi serikalini. Kukhu alikipeleka mwenyewe ofisini, akamwomba karani amkatie ile picha ndogo tu, kadi wabaki nayo. Karani akamwambia, "Mama, serikali haikatwi vipande vipande." Basi ikarudi serikalini na uso wa mama yangu ndani yake.

Ila tulikuwa na Kengele.

Kengele lilikuwa gazeti letu. Sijui kama wewe kwenu mliwahi kuwa na gazeti lenu, si lile la Nairobi lililofika limekunjwa limeshasomwa na dereva na utingo, nasema lenu kabisa, la kijiji, ambalo ukilifungua unajikuta wewe na kuku wako. Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata waliokuwa na alama za kiboko chake. Katika ghala lake la mahindi aliweka taipureta na mashine ya kunakili karatasi ambayo misheni walikuwa wameitupa walipopata mpya. Aliizungusha kwa mkono, kama mtu anayewasha trekta la zamani, na kila akizungusha karatasi moja inaruka upande wa pili imejaa maneno. Mpaka leo nikisikia harufu ya wino na ya mahindi makavu pamoja, moyo wangu unaruka kama ile karatasi.

Lilikuwa karatasi mbili zilizokunjwa. Lilitoka karibu na siku ya soko, wino ukipatikana. Na bei yake ilikuwa yai. Kengele moja, yai moja, hakuna maneno mengi. Watu walisema kwa Mwalimu kuna mayai mengi kuliko kwa kuku.

Habari zake ndizo sisi. Ng'ombe wa mjane aliyepotea amepatikana akila kabichi za kasisi. Timu yetu imefungwa na timu ya Likuyani kwa sababu kipa alikuwa na malaria. Bibi harusi amekataa kuingia kanisani mpaka mvua iishe. Halafu, chini kabisa, ndani ya mstari mweusi, waliotangulia mbele ya haki. Likuyani nao vijana wa kanisa walikuwa na lao, dogo, lililojaa nyimbo na maonyo kwa wasichana. Na baba alituletea kutoka Mumias ukurasa mmoja uliokuwa ukibandikwa mlangoni mwa msikiti, wa nyakati za kufunga na kufungua na salamu kwa majirani wote. Siku hizo ilikuwa kama kila mahali penye watu wachache na wino kidogo panasema, na sisi tupo.

Kengele lilisomwa kwa sauti kwenye poshomil, pale tulipokwenda kusaga mahindi. Wanawake walikaa kwenye debe zao wakingoja zamu, unga umewaingia kwenye kope wakawa kama vikongwe, na msichana mmoja anayejua kusoma anawekwa juu ya gunia. Mashine ikinguruma hakuna kinachosikika, basi utasikia mama mmoja akipiga kelele, "Wewe! Zima hicho kitu kwanza tusikie nani amekufa!" Mwenye mashine alilalamika kwamba dizeli haiwashwi na kuzimwa kama koroboi. Lakini alizima. Yeye pia alitaka kujua.

Sasa mama. Msimu mmoja kabla ya kuugua, mama alivuna mahindi ambayo watu walitoka mbali kuja kuyatazama. Mwalimu akaja na kigoda, karatasi yake ya nta na msumari wa kiatu, maana michoro aliikwaruza kwa msumari juu ya ile nta. Kukhu alinisimulia hadithi hii mara nyingi hata nikaona nilikuwepo.

"Shemeji, simama hapo na hindi lako," Mwalimu alimwambia.

"Unichore bila viatu? Watu wa Likuyani waone?"

"Nitakuchora mpaka kiunoni. Viatu kila mtu atajifikiria."

Mama akacheka, na Mwalimu akamkamata pale pale kwenye kicheko. Alitoka na kitambaa kichwani, mwanya katikati ya meno, sikio moja kubwa kuliko la pili, na hindi limelala begani mwake kama mtoto anayecheulishwa. Chini yake Mwalimu aliandika: "Mahindi haya hayakutoka dukani. Yametoka kwa jembe la mama huyu."

Mistari michache tu ya msumari. Huo ndio uso.

Kwetu nyumba ilivishwa Krismasi kama mtoto anavyovishwa. Shule zikifungwa Desemba, tulikandika sakafu kwa samadi, tukapaka udongo mweupe nje, na ndani tukabandika magazeti ukuta mzima, kutoka sakafuni mpaka mkono wa Kukhu ulipofika. Gundi tulipika wenyewe. Ilikuwa uji wa unga wa muhogo, lakini Kukhu aliongeza maji mengi na majivu ya jikoni ili unga usiishe. "Unga ni chakula," alisema. "Ukuta haushibi." Mikono yetu ilikuwa ya kijivu mpaka viwiko, nyumba inanuka uji na wino, redio ya jirani inaimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana, ingokho, kuku wa sikukuu, amefungwa mguu chini ya meza hajui kesho ina nini. Kama kuna mbinguni mimi naomba iwe Desemba.

Ukurasa wa mama ulikaa juu ya kitanda nilicholala na Kukhu, na wenyewe haukuwahi kupakwa gundi ya majivu. Siku nilipochovya mkono kwenye sufuria ile ya kijivu nikitaka kumpaka kona iliyoinuka, Kukhu alinishika mkono kwa nguvu.

"Humpakangi mtu wako majivu," akasema. "Majivu ni ya matanga. Tulishalia, tukamaliza."

Mama alipikiwa gundi yake. Unga safi, mzito, hauna jivu hata chembe. Mwaka wa njaa, tulipokula obusuma, ugali wetu, mara moja kwa siku na mboga ya mrenda mtupu, mama alipata uji wake hata hivyo.

Kukhu hakujua kusoma, kwa hiyo karatasi nyingi alizibandika kichwa chini. Mimi nilijifunza kusoma nimeinamisha shingo kama kuku anayesikiliza. Mwalimu wa darasa la kwanza alishangaa nilivyoshika kitabu, akaniuliza kama nina shingo mbovu. Asubuhi, Kukhu akifunga kitambaa chake, aliuliza, "Haya, ukuta unasema nini leo?" Nami nikamsomea. Ukuta unasema mtu amepoteza baiskeli. Ukuta unasema waziri amefungua daraja. Kisha nikafika juu ya kitanda na kusema, "Na mama anasema mahindi haya hayakutoka dukani." Kukhu akaitikia, "Kweli kabisa, hayakutoka." Ndivyo siku ilivyoanza. Wenzangu waliwaaga mama zao mlangoni, mimi nilimwaga wangu ukutani. Sikujiona nimepungukiwa. Nakwambia kweli, nilijiona nina mama asiyechoka.

Halafu Kengele likasema neno moja zaidi ya lile lililotakiwa. Kifusi cha murram, changarawe nyekundu, kilicholetwa kwa barabara yetu kilikuwa kimeonekana uani kwa mkubwa mmoja, kimetandazwa vizuri kutoka geti mpaka mlangoni kwake. Mwalimu hakumtukana mtu. Aliandika tu kwamba barabara yetu imepotea, na aliyeiona aripoti.

Kwenye poshomil watu walicheka mpaka unga ukamwagika. Chifu hakucheka. Siku ya soko alikuja na askari, wakaingia ghalani, wakaibeba ile mashine kwenye mkokoteni wa punda huku wino ukidondoka barabarani, tone, tone, mpaka kambini kwa chifu. Mwalimu alitembea nyuma ya mkokoteni katikati ya askari wawili, kofia mkononi. Wanafunzi wake wa zamani walisimama kando ya njia. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya Kukhu.

Kisha baraza likaitwa. Chifu akasema hiyo ni karatasi haramu, haina kibali, na nyumba itakayopatikana nayo, mwenye nyumba atamfuata Mwalimu. Akasema wataanza kukagua kesho.

Jioni hiyo kila jiko lilitoa moshi. Watu walichoma harusi zao, walichoma mazishi yao. Mama mmoja jirani alichoma ukurasa uliotangaza kuzaliwa kwa mapacha wake, na wale mapacha wamesimama hapo wanaota moto.

Sisi tulianza kubandua. Kurasa nyingine za Kengele, za gundi ya majivu, zilitoka kirahisi, unavuta kona zinakuja zote, tukazitia jikoni. Tukafika kwa mama. Kukhu aliivuta kona ya juu kwa kucha, polepole, na karatasi ikaanza kuchanika. Gundi yake ilikuwa nzuri mno. Alimshika vizuri mno. Kukhu akaachia mkono kama aliyeungua.

Jirani mwenye poshomil akachungulia mlangoni. "Mama, kwangua na kisu umalize! Hao watu wanakuja!"

"Nimkwangue uso?"

"Ni karatasi, mama."

"Basi nenda kakwangue ya mama yako," Kukhu akamjibu, na yule bwana akaondoka akitikisa kichwa.

Alikaa kitandani kidogo. Kisha akasimama kama mtu mwenye kazi, akatia unga wa muhogo kwenye sufuria, unga ambao tungekula, na akaongeza molasi ya baba. Alijua molasi inashika kama kupe. Alitaka kitu ambacho askari akitia ukucha hakitainuka. Akachukua kalenda ya duka la dawa za mifugo iliyokuwa jikoni, karatasi ngumu, yenye kung'aa. Alimpaka mama ile rojo tamu kuanzia kitambaa mpaka hindi, kwa kiganja, taratibu, jinsi unavyompaka mtoto mafuta.

"Mama wa mtoto," alimwambia, "utanisamehe. Ni ng'ombe wa maziwa, si wa kudharauliwa."

Akamfunika.

Askari alikuja asubuhi, kijana mrefu ambaye ilibidi ainame mlangoni. Alisoma kuta zetu na shingo imeinama, kama mimi. Akafika kitandani, akaweka kiganja juu ya ng'ombe.

"Mbona hapa pana maji?"

"Paa linavuja, mwanangu."

"Jana mvua haikunyesha."

"Kwako," Kukhu akasema. "Kwa maskini inanyeshanga tu."

Askari akanusa vidole vyake. Nilimwona akivinusa mara ya pili, na nilijua ananusa nini. Akamtazama Kukhu, akanitazama mimi, akatazama ng'ombe. Sijui aliona nini. Pengine alikuwa na mama. Akapangusa mkono kwenye suruali, akasema, "Huyu ng'ombe ako sawa," akainama akatoka.

Tuliangua kicheko, mimi na Kukhu, kitandani, tumezibana midomo kwa blanketi. Tulimshinda chifu! Tuliishinda serikali na mkokoteni wake! Ukiniuliza siku ya furaha kuliko zote utotoni mwangu, hata leo nitakwambia ni hiyo, na hilo ndilo linaloniua.

Mwalimu alirudi nyumbani siku chache baadaye, amekonda, hakutaka kuzungumza. Mashine haikurudi. Ghala likawa ghala.

Mimi nilianza kuuliza, "Kukhu, tutamtoa mama lini?" Alisema serikali ikisahau. Chifu akahamishwa, akaja mwingine ambaye hata habari za Kengele hakuzijua. Nikauliza tena. Kukhu akasema, "Serikali haisahaungi, inasinzia tu." Desemba ikafika, tukapika gundi ya majivu, tukabandika magazeti ya Nairobi kuzunguka ng'ombe, nikauliza, akasema mwaka ujao, kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, mwaka ujao. Desemba nyingine, mwaka ujao. Nadhani hofu ilikuwa imegeuka kuwa kitu kingine. Nadhani alipenda kujua kwamba mama yuko salama kuliko alivyopenda kumwona. Alisema, "Chungu ukikifunua kila mara, chakula kinapoa."

Basi nilimwaga ng'ombe. Niliamka na kumwambia ng'ombe, naenda shule. Na nilianza kumchora mama kwenye vumbi kwa kijiti ili asinitoke. Mwanya, kitambaa, hindi. Mwanzoni mkono wangu ulijua. Kisha sikio kubwa likawa linahama, mara la kulia, mara la kushoto. Siku moja nilichora, nikatazama, nikaona nimechora msichana wa kwenye pakiti ya sabuni. Nikafuta kwa mguu. Sikusumbuka sana, unajua. Nilijijua nina yule wa kweli nyumbani, nyuma ya ng'ombe, ananisubiri. Mtoto mwenye akiba halii.

Shule iliniishia njiani, karo ilikuwa ngumu, nikaja mjini kwa shangazi kujifunza kusuka. Nilikuwa na ndoto, na bado ninazo, mimi siishiwi. Niliota nitafungua saluni, nitamleta mama kwenye fremu ya kioo, nimtundike juu ya kiti cha mteja, na mtu akiuliza huyo nani nitasema kwa sauti kubwa. Nilinunua hata fremu. Kukhu akafariki kabla sijarudi kumwambia habari ya fremu.

Nyumba ilisimama tupu, mpaka binamu yangu akanipigia simu kwamba anataka kuibomoa ajenge ya matofali. Nilikwenda na kila kitu. Beseni, sponji mpya, wembe, fremu nimeifunga kwa leso. Binamu aliniwashia moto nje, nikachemsha maji, nikayapoza mpaka yakawa ya kuoga mtoto mchanga. Nyumba ilinuka panya na udongo. Magazeti ya Nairobi yalikuwepo, yamekuwa ya kahawia, kichwa chini, yakinisubiri niiname shingo. Ukurasa wa msikiti wa Mumias ulikuwepo. Nyimbo za vijana wa Likuyani zilikuwepo. Zote za gundi ya majivu, zote nzima kabisa, maana mchwa hawagusi majivu. Hilo kila mtu wa kwetu analijua. Nililijua hata wakati huo, nikiwa nimesimama hapo na beseni, ila akili yangu ilikataa kwenda nalo mpaka mwisho.

Nilimlowesha ng'ombe kwa subira. Nilimwimbia hata wimbo. Akatoka mzima, kutoka pembe mpaka kwato, ngozi inang'aa.

Nyuma yake palikuwa na udongo.

Vijia vya mchwa, rafiki yangu, vimepandana kama mishipa ya mkono wa mzee, kutoka sakafuni mpaka hapo na haviendi mahali pengine. Vilipita kando ya daraja la waziri. Vilipita kando ya baiskeli iliyopotea. Vilifuata unga safi na molasi. Waliacha karatasi ngumu ya kalenda na kuila ile laini iliyokuwa chini yake, kitambaa, sikio, mwanya, wakala kicheko chote. Ukingo wa chini tu ndio uliobaki, pale ukurasa wake ulipolalia gazeti lililokuwa na majivu. Kipande chembamba kama utepe. Kilisema: "jembe la mama huyu." Na juu yake hakukuwa na mama yeyote. Kulikuwa na ukuta.

Nilipokigusa kikawa vumbi.

Binamu aliingia akanikuta nimekaa sakafuni. "Umepata?" akauliza. Nikamwambia, "Ng'ombe ametoka vizuri." Hakuelewa, lakini aliketi nami.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu. Bado yupo, mzee sana, anakalia kiti mlangoni mwa lile ghala. Nilimwuliza kama alibaki na Kengele hata moja.

"Nilizichoma zangu zote kabla hawajafika," alisema. "Majina yenu yalikuwamo. Nilijua nyinyi mtaficha moja moja."

"Sisi tulichoma, Mwalimu. Tulijua wewe umeficha."

Akatikisa kichwa polepole. Nikamwambia habari za mama, mahindi, kigoda, viatu. Niliona anamtafuta machoni mwake, anafungua mlango huu, anafungua ule, na hayupo.

"Niliwachora wengi, mwanangu," akasema. "Lakini lete karatasi. Alikuwa na mwanya?"

"Alikuwa nao."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa. Na sikio moja kubwa."

"Lipi?"

Nilifungua mdomo kumjibu, na sikujua.

Alichora hata hivyo. Alinipa mwanamke mwenye mwanya, mzuri, mama wa mtu mwingine yeyote. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Nilimpa mayai niliyokuwa nimepewa na binamu, akacheka kidogo, akasema bei haijapanda. Karatasi hiyo ninayo, iko sandukuni. Siwezi kuitia kwenye fremu. Nikimtazama yule mwanamke naona anajua kwamba nadanganya.

Nyumba mpya ya binamu ina kuta za saruji, rangi ya maziwa, laini. Watoto wake ni wazuri, wanasoma vizuri na shingo zao zimenyooka. Nilipowatembelea Krismasi iliyopita hatukupika gundi. Hakuna anayejua tena kuipika, na hakuna cha kubandika, habari za kijiji sasa zinapita kwenye simu na kufutika kabla ya chai kupoa. Niliamka mapema nikaweka kiganja kwenye ule ukuta, mahali ambapo kwa hesabu ya moyo wangu palikuwa kitandani kwetu. Ulikuwa baridi. Nikamsikia Kukhu kabisa, akifunga kitambaa, akiuliza ukuta unasema nini leo.

Kukhu, hausemi.

Ndiyo maana ninaye huyu ng'ombe. Wacha wanicheke. Asubuhi nikifungua kibanda, kabla sijawasha redio, namgeuza nimtazame mgongo, ule upande mweupe usio na picha. Kuna alama ya kiganja hapo, ya rojo iliyokauka, nyeusi kidogo, vidole vyote vitano, ya Kukhu alipomshika kwa mkono wenye rojo ili ambandike. Upande wa pili wa kiganja hicho alikuwa mama. Nikishatazama namrudisha ng'ombe mahali pake, namwaga kwaheri, na kuanza kazi.